Mtoto wa Ilagala na Mtaalamu wa Kwenye Kioo

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: watoto wenye ulemavu wa Ilagala na vijiji vya mwambao wapatiwe huduma za utengamao kwa simu ya video. Mtaalamu akae Kigoma mjini, au Moshi, au Dar es Salaam. Mtoto abaki kwao, na mzazi afuate maelekezo anayoyaona na kuyasikia kwenye kioo cha simu.

Ilagala iko kando ya Malagarasi, pale mto unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Uvinza iliyomegwa kutoka Kigoma Vijijini mwaka 2012. Watu wake wanaishi kwa dagaa, migebuka, mihogo na mawese. Barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya inapita hapo, na wasafiri wa Sunuka na Sigunga wanajua maana ya kusubiri kivuko huku jua linazama. Mabingwa wa kazi hii wako mbali. Hospitali ya KCMC ya Moshi inafundisha wataalamu wa mazoezi tiba na wa tiba kwa vitendo, na chuo cha TATCOT kilicho hapohapo, kilichoanza mwaka 1981, kinafundisha watengenezaji wa viungo bandia na vyuma vya kunyooshea miguu. Hospitali ya CCBRT iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Sauti zinazofuata nimezitunga mwenyewe ili kila hoja ipate mtu wa kuitetea kwa nguvu zote. Wako watano: mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, mvuvi ambaye binti yake alizaliwa na miguu kifundo, mtaalamu wa mazoezi tiba anayefanya kazi mjini, tabibu wa kijijini, na mwalimu wa shule ya msingi.

MAMA: Wangu ana miaka minne. Alizaliwa amechoka, hakulia. Miezi sita ikafika shingo haijakaza, wakwe wakaniambia nisubiri, wapo watoto wanaochelewa. Nilipompeleka mjini nikaelezwa ni mtindio wa ubongo, nikaonyeshwa mazoezi, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nikarudi. Nikaambiwa tena nirudi, sikurudi. Si kwamba nimemchoka mwanangu. Kuna nauli, kuna kula yetu njiani, kuna shamba, na mtoto anayekaza mwili humpakati saa nzima kwenye gari lililojaa bila watu kukutazama. Yale mazoezi nusu nimeyasahau, nusu nayafanya nikiogopa kumvunja. Ningekuwa na mtu wa kumuuliza tu, hata kwa simu, kwamba hapa nivute au niache, ningemshukuru Mungu.

MTAALAMU: Mama, umesema kile ambacho sisi tulio hospitalini tunapaswa kukisikia. Utengamao haufanani na sindano. Mtoto akija kwangu nusu saa kila mwezi bila kukosa, kwa mwaka mzima amepata saa sita. Saa nyingine zote yuko na wewe: unambeba, unamlisha, unamwogesha, unamlaza. Tiba yake iko humo. Kazi yangu kubwa ni kukufundisha wewe, na kufundisha kunawezekana kwa simu. Tena kuna jambo ambalo simu inanipa na chumba changu hakinipi. Hospitalini mtoto anaogopa, analia, mwili unakaza zaidi, na wewe unamlisha harakaharaka kwa sababu kuna foleni. Nyumbani namwona alivyo. Namwona amelazwa mapajani, shingo imeanguka nyuma, uji unamiminwa. Mtoto wa namna hiyo hupaliwa. Uji unaingia njia ya hewa, kesho anakohoa, wiki ijayo ana nimonia, na majirani wanasema ni baridi ya ziwani. Nikiona hivyo nakwambia: mwinue, egemea ukuta, kidevu chake kishuke kidogo, kijiko kije kutoka mbele, uji uwe mzito kidogo, subiri ameze ndipo uongeze. Mafunzo hayo hayahitaji basi.

TABIBU: Dada, umesema vizuri, lakini umechagua mfano unaokufaa. Ngoja nichague na mimi. Mguu umekaza: umekaza kwa sababu ubongo unaupa amri mbaya, au kwa sababu msuli umeshafupika? Kwa macho huwezi kujua. Lazima mkono uushike, uuvute polepole, kisha uuvute haraka, uhisi tofauti. Nyonga nayo inaweza kuteguka kidogo kidogo kwa miezi, mtoto asilie hata siku moja, na asiyempiga picha ya eksirei hatajua. Halafu nani amekuhakikishia kuwa ni mtindio? Mtoto aliyechelewa kuketi anaweza kuwa na kichwa kinachojaa maji, naye anatakiwa kwa mpasuaji upesi. Ukimwanzishia mazoezi ya kwenye simu, umempotezea wiki ambazo hana.

MVUVI: Hapo tabibu umenigusa. Binti yangu alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Alifungwa hogo mjini, likabadilishwa kila wiki, mama yake akakaa kwa shangazi yangu Ujiji mpaka kazi ikaisha. Hogo halifungwi kwa simu.

MTAALAMU: Halifungwi, mzee wangu, na sitabisha. Njia hiyo ilibuniwa na Dkt. Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na yote inategemea vidole vya mtu anayeusogeza mguu kidogo kidogo, hogo baada ya hogo, kwa kawaida matano hadi saba. Lakini niambie, baada ya hogo la mwisho?

MVUVI: Tulipewa viatu vyenye chuma katikati.

MTAALAMU: Avivae saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afikishe miaka minne hivi. Anavivaa?

MVUVI: Alikuwa akilia usiku. Bibi yake akavivua. Sasa mguu mmoja umeanza kurudi.

MTAALAMU: Ndipo simu ilipohitajika. Wiki ile ya kwanza ya kilio, mtu angekupigia, akaangalia kama mkanda umebana, kama kisigino kimekaa chini, akazungumza na bibi mwenyewe kwa heshima yake. Mikono ilishamaliza kazi ngumu, na mguu ukaharibika kwa kukosa mazungumzo.

Niingilie kidogo. Katika mabishano mengi ya aina hii watu huuliza kama simu inaweza kuchukua nafasi ya mtaalamu, na jibu linajulikana kabla ya swali kwisha. Mvuvi na mtaalamu wamefika mahali pazuri zaidi: wanatafuta ni saa ipi ya safari ya mtoto inayodai mkono, na ni saa ipi inayodai sauti tu. Hogo linadai mkono. Kiatu cha usiku kinadai sauti ya mtu anayemjua mtoto kwa jina.

TABIBU: Sawa, tuseme sauti inatosha kwa baadhi ya mambo. Sauti hiyo inapita wapi? Wenye simu za kupangusa hapa ni wachache, wengi wana vitochi. Mtandao unashika ukisimama mlimani, ukishuka bondeni unakata.

MVUVI: Na simu ni ya nani? Tuseme ukweli. Kwangu simu ya kupangusa ni moja, na ninayo mimi. Wakati wa giza natoka nayo jioni kwenda ziwani, tunawasha taa, tunavua dagaa mpaka alfajiri, narudi nalala, simu iko chini ya mto. Mke wangu akitaka kumpigia mtaalamu atapiga na nini? Mbalamwezi ikija hatuvui, dagaa hawafuati taa, nipo nyumbani na simu ipo. Lakini siku hizo mfuko umekauka, hakuna hela ya bando. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, wapo waliouza simu zao.

Maneno haya ya mvuvi ningependa yabandikwe ukutani mwa kila ofisi inayopanga miradi ya afya ya mtandao. Mpango ulioandikwa Dodoma utasema mzazi apigiwe kila Jumanne saa nne asubuhi. Ilagala kalenda ni ya mwezi: simu ikiwepo hakuna bando, bando likiwepo simu iko ziwani. Huduma inayotaka kuishi hapa itapiga simu nyingi zaidi wakati wa mbalamwezi, na gharama ataibeba anayepiga. Wakati wa giza itumike simu inayokaa kituo cha afya. Mbona rahisi, lakini ni lazima mtu aulize kwanza.

MWALIMU: Mimi sina tatizo na bando. Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Vifaa vinaweza kupatikana. Hofu yangu ni nyingine, na naomba mama asinichukie. Kuna watoto hapa hapa kijijini sijawahi kuwaona. Nasikia tu kwamba nyumba fulani kuna mtoto. Hatoki uani, hajui mchezo wa wenzake, na umri wa kuandikishwa shule ukifika hakuna anayemtaja. Kitu pekee kinacholazimisha mtoto huyo atoke ndani ni safari ya hospitali. Akibebwa mgongoni, akipita sokoni, watu wakamwona, wakauliza, wakazoea. Sasa mnataka kuleta huduma inayomfuata chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mmewarahisishia wanaomficha.

MAMA: Mwalimu, wewe hujawahi kupita sokoni na mtoto kama wangu.

MWALIMU: Ni kweli, sijapita.

MAMA: Wanauliza umekosea wapi. Wanauliza kwenu kuna laana gani. Mwanamke mmoja aliyeshika mimba alihama upande wa barabara aliponiona. Unaniambia mtoto wangu awafundishe watu utu, na ana miaka minne, hajaweza kushika kijiko! Mimi nataka kwanza ashike kijiko. Akishashika kijiko, akaweza kuketi bila kuanguka, nitamtoa mwenyewe, nitakuletea mpaka mlangoni pa darasa lako.

MWALIMU: Na akichukua miaka mitano kuweza kuketi? Utasubiri ndani miaka mitano?

MAMA: (Kimya kidogo.) Sijui.

MWALIMU: Sikulaumu, mama. Nasema wanaoleta huduma wasikuache peke yako na kioo. Wakutane wazazi wa watoto hawa mahali pamoja, hata mara moja kwa mwezi, chini ya mwembe wa shule, simu iwekwe katikati na mtaalamu aongee na wote. Utamwona mwenzako naye ana wa kwake. Watoto watalala kwenye mkeka mmoja. Hapo nitaiunga mkono hoja.

MTAALAMU: Mwalimu amenifundisha kitu. Hata mafunzo ya wazazi wa watoto wenye mtindio yaliyoanzia Afrika Kusini, kisha yakaendelezwa Bangladesh, yalifanywa kwa vikundi, mama na mama. Hayakuwa ya mzazi mmoja chumbani peke yake.

Katika mjadala wote huu naegemea kwa mwalimu hapa kuliko mahali pengine popote. Utengamao una lengo moja, mtoto aishi na watu: ale na wenzake, acheze, asome, aitwe jina lake barabarani. Mguu ulionyooka ndani ya nyumba iliyofungwa haujafika unakotakiwa kufika. Lakini mama naye ana haki yake. Hawezi kudaiwa ushujaa wa kila siku sokoni kama nauli ya mtoto kutibiwa. Mkeka wa chini ya mwembe unawapa wote wawili wanachotaka, na simu moja inatosha watoto kumi.

MAMA: Nina neno jingine. Ukitaka kuona mgongo na nyonga, lazima mtoto avuliwe nguo. Hiyo video itaishia wapi? Nimeona picha za watoto wagonjwa zikizunguka kwenye makundi ya simu, watu wanaandika pole, wengine wanacheka.

MTAALAMU: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Na kwangu mimi unaweza kukataa kurekodiwa na bado ukahudumiwa.

MAMA: Sheria siijui. Nakujua wewe. Ukiniambia huhifadhi, nitaamini. Akija mwingine nisiyemjua, sitavua mtoto nguo mbele ya simu.

TABIBU: Na hilo nalo ni jibu kwa wanaotaka mtaalamu wa mbali asiyewahi kukanyaga hapa.

MWALIMU: Tabibu, wewe uko hapa hapa. Kwa nini usiwe mkono wa mtaalamu?

TABIBU: Ningependa. Asubuhi nina malaria, nina chanjo, nina wajawazito, usiku naitwa kwa aliyeumia. Ukiniongezea mtoto wa mazoezi wa dakika arobaini, nitamwahidi na sitamtimizia. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Azimio zuri. Lakini azimio halikuja na mtu wa kunishikia zamu.

MTAALAMU: Lakini Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Hao ni watu wa kijijini, wanajua kila nyumba, pamoja na ile nyumba ambayo mwalimu ameisikia tu. Mmoja akifundishwa kumshika mtoto huyu, kuhisi msuli, kupima mzingo wa kichwa, kujua dalili za hatari, basi nikiwa kwenye simu mikono yake inakuwa yangu. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko simu za mkononi. David Werner alitoa kitabu chake kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini mwaka 1987, kutokana na kazi ya wanakijiji wa milimani Mexico ambao wengi wao walikuwa na ulemavu wenyewe. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likatoa miongozo ya kufundisha familia na wahudumu wa kijiji. Zimbabwe nako wakafundishana kutengeneza viti vya watoto kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga. Maboksi Ilagala yapo, fundi seremala yupo.

TABIBU: Kiti kikipimwa vibaya kinapinda mgongo na kuchubua makalio.

MTAALAMU: Ndiyo maana cha kwanza nitakuja kukipima mwenyewe. Huduma za mkoba za chanjo zinafika vijijini. Nipeni nafasi moja kwenye gari la chanjo kila robo mwaka.

MVUVI: Dada, ukija mwenyewe kila robo mwaka, na katikati ukawa unanipigia, mimi nimekubali. Ukisema utanipigia tu, sikubali.

Mvuvi amefika kwenye uamuzi wangu kabla yangu. Tanzania imeshajifunza mara mbili jinsi simu inavyosaidia afya, na mara zote mbili somo lilikuwa lilelile. CCBRT, kuanzia mwaka 2009, ilitumia M-Pesa kuwatumia nauli wanawake wenye fistula ili wafike kwenye upasuaji. Mpango wa m-mama, wenye namba 115, unapokea simu ya dharura ya mama mjamzito au mtoto mchanga, kisha unamtafutia gari la wagonjwa au dereva wa jirani anayelipwa kwa simu hiyohiyo. Hakuna aliyepasuliwa kwa simu wala aliyezalishwa kwa simu. Simu ilisogeza hela, gari na watu mpaka wakakutana na mgonjwa, na ndiyo sababu mipango hiyo iliokoa wanawake.

Kwa hiyo nasema hoja ipite, lakini isipite kama ilivyoletwa. Mtoto yeyote aguswe kwanza na mtaalamu ana kwa ana, apimwe, ijulikane ana nini. Ndipo simu ianze, ikipitia kwa mhudumu aliyefundishwa na anayelipwa, na kwa kikundi cha wazazi. Aguswe tena kila baada ya miezi michache, kwa sababu watoto hukua na mifupa hubadilika. Anayehitaji hogo, eksirei au upasuaji atumiwe nauli kwa simu, yake na ya mama yake, kabla hajaombwa kusafiri. Nauli hiyo wapangaji wengi huiacha nje ya bajeti wakidhani kioo kimeifuta. Haijafutika. Imepungua tu, na ile iliyobaki ni ya safari zisizoweza kuahirishwa.

Ninachokiogopa ni mradi wa aina nyingine: vishikwambi hamsini vinafika, vinapigwa picha, mafunzo ya siku mbili yanafanyika mjini, programu inawekwa, na baada ya ufadhili kuisha hakuna anayepokea simu. Katika taarifa ya wilaya itasomeka kwamba watoto wa mwambao wamefikiwa. Halafu mtu akiomba nafasi ya mtaalamu wa mazoezi tiba, atajibiwa kwamba huduma ipo, ya kidijitali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya afya na utengamao, na haki hiyo hailipwi kwa kifaa kisichokuwa na mtu nyuma yake.

Waheshimiwa madiwani wa Uvinza, mtakapokaa kupitia ikama ya watumishi wa afya, iandikeni nafasi ya mtaalamu wa mazoezi tiba atakayeishi ndani ya wilaya, mwenye ratiba ya kufika Ilagala, Sunuka na Sigunga. Fedha zikitosha kitu kimoja tu mwaka huu, ajirini huyo. Vishikwambi vinunuliwe mwaka unaofuata.